Joseph Guislain, muganga wa watu wa minyororo

 Wale kati yenu waliotumika Katanga wanajua kwamba kule Lubumbashi kuko lopitali ya wagonjwa wa akili inayoitwa Docteur Joseph Guislain. Jina wanalijua, lakini ukiwauliza huyo Guislain alikuwa nani, wengi wanakaa kimya. Sisi wa sendika tunaokaa hapa Keshero tumeona ni vizuri kueleza maisha yake. Si juu tunapenda kusifu Wazungu wa zamani. Ni juu kazi aliyoifanya inagusa jambo linalotusumbua leo: watoto wetu wenye ulemavu wa akili wanaoishia buloko.

Joseph Guislain alizaliwa tarehe 2 Februari 1797 katika muji wa Gent, katika inchi ambayo leo inaitwa Ubelgiji. Wakati ule Ubelgiji haikuwa bado inchi. Gent ilikuwa chini ya Ufaransa, kisha kutoka 1815 ikawa chini ya mufalme wa Uholanzi, na ni 1830 tu Wabelgiji walipopata inchi yao. Huyu mutu alipita serikali tatu bila kuhama muji wake. Sisi wa Kivu tunaelewa maisha ya namna ile.

Katikati ya Gent, kando ya maji, kulikuwa ngome ya mawe ya zamani sana. Watu waliiita nyumba ya Gerardi Shetani, kwa jina la utani la mukubwa mumoja aliyeikaa miaka ya 1200. Ile ngome ilitumika kwa mambo mengi, na kwa muda murefu ilikuwa nyumba ya kufungia. Chini yake kulikuwa vyumba vya mawe, giza na baridi. Humo ndimo muji ulitupa wanaume walioitwa vichaa. Walifungwa minyororo, wakalala juu ya majani makavu. Ninyi munaoingia shimoni munajua giza na unyevu wa chini ya udongo, lakini ninyi munapanda magaribi. Wale hawakupanda.

Na mule ndani walichanganywa wote. Kulikuwa mutu aliyepoteza akili kwa sababu ya huzuni, mutu wa kifafa, muzee aliyesahau jina lake, na mutoto aliyezaliwa na akili isiyokomaa. Mulango ulikuwa mumoja kwa wote. Hakuna aliyeuliza kwa nini huyu ameletwa, nani amemuleta, na atatoka lini.

Mutu wa kwanza kugusa ile minyororo hakuwa Guislain. Tuseme hivyo wazi, juu watu wengine wanachanganya. Alikuwa padri Petrus Jozef Triest, muzaliwa wa Brussels wa mwaka 1760. Mwaka 1807 Triest alianzisha pale Gent shirika la Ndugu wa Mapendo, wale tunaowaita Frères de la Charité, kwanza ili watunze wazee maskini. Mwaka 1815 shirika hilo likapokea kazi ya kutunza wale wanaume wa ngome ya Gerardi Shetani. Guislain alikuwa bado kijana wa miaka kumi na nane. Ndugu wakaingia mule chini, wakaanza kuwaosha watu, kuwalisha na kuwaita kwa majina. Ilikuwa kazi ya huruma. Lakini ile nyumba ilibaki ileile, na huruma peke yake haikujua kutofautisha ugonjwa mumoja na mwingine.

Wakati ule Guislain alikuwa anasoma. Chuo kikuu cha Gent kilifunguliwa 1817, naye akawa kati ya waganga wa kwanza waliotoka pale, mwaka 1819. Angaliweza kutafuta wagonjwa matajiri. Yeye aliamua kufuata wagonjwa ambao hakuna aliyetaka kuwagusa. Mwaka 1826 kitabu chake kikubwa juu ya magonjwa ya akili na nyumba za kutunzia wagonjwa kilichapishwa Amsterdam, katika mafungu mawili. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Hapa tunapaswa kusema pia jambo lisilopendeza. Ndani ya kile kitabu kuko picha ya mashine moja: kijumba kizuri kama hekalu la Wachina, chenye kushushwa ndani ya maji na mugonjwa akiwa ndani, ili mushituko umurudishie akili. Leo tungeliita jambo lile mateso. Waganga wengi wa Ulaya wa wakati ule waliamini kwamba kumushitua mugonjwa kunamusaidia, na Guislain alikuwa mutu wa wakati wake. Tunalitaja juu ya kitu kimoja: hata mutu wa moyo muzuri anaweza kukutesa akiamini anakuponya. Ndiyo maana mugonjwa hapaswi kuachwa chini ya mikono ya mutu mumoja bila macho ya wengine. Tutarudi juu ya hilo.

Mwaka 1828 muji wa Gent ulimuweka Guislain kuwa muganga mukubwa wa nyumba za wagonjwa wa akili, ya wanaume na ya wanawake. Mwaka huohuo wanaume wakatolewa katika ile ngome, wakahamishwa kwenye nyumba iliyokuwa monasteri ya zamani. Mwaka 1829 yeye na padri Triest wakatoa sheria za ndani za zile nyumba: namna ya kupokea mugonjwa, namna ya kumutunza, saa za kazi na za kupumzika, na namna watumishi wanavyopaswa kuwa na wagonjwa. Padri na muganga walipatana kwenye karatasi. Mufanyakazi anajua maana yake: ahadi ya mudomo inakufa siku bosi anabadilika, ile iliyoandikwa unaweza kuidai. Triest alikufa 1836, lakini ile kazi haikufa naye.

Guislain alifundisha nini? Tangu 1835 alikuwa profesa pale Gent, na mwaka 1852 masomo yake yalitoka katika vitabu vitatu. Wazo lake kubwa ni kwamba ugonjwa wa akili mara nyingi unaanza na maumivu ya moyo. Mutu anaumia ndani: amefiwa, ameogopeshwa, amepoteza mali, amepoteza heshima. Ile maumivu ikizidi nguvu zake, akili inaanza kuyumba. Mbele ya kelele, mbele ya kuvua nguo barabarani, kulikuwa uchungu ambao hakuna aliyeuona. Waganga wa leo wanajua kuko pia sababu za ubongo na za damu, na Guislain hakumaliza yote. Lakini mutu aliyetoa wenzake chini ya udongo ulioanguka, ao mama aliyekimbia vita mara tatu na watoto mugongoni, hahitaji profesa ili aelewe jambo hili.

Kuko tofauti nyingine iliyokuwa inafundishwa katika miaka ile, hasa na muganga Esquirol wa Paris. Mutu mwenye ugonjwa wa akili na mutu mwenye ulemavu wa akili si mamoja. Wa kwanza alikuwa na akili yake, ikaugua. Anaweza kupona ao kutulia. Wa pili alizaliwa na uelewa mudogo, ao ulibaki nyuma tangu utoto, pengine juu ya homa kali ao kuzaliwa kwa shida. Huyu si mugonjwa. Anajifunza polepole, anatumika, anapenda, anajua nani anamupenda. Lakini maneno mengi yanamupita, na hesabu ya hatari inamupita. Na yeye pia anaweza kupata ugonjwa wa akili juu ya ulemavu wake, hasa akipigwa, akiogopeshwa, akifungwa. Kule kwetu barabarani wote wawili tunawaita jina moja, na mara nyingi ni jina la matusi.

Sasa tufike kwenye sheria. Kodi ya penali ya Ufaransa ya 1810, iliyotumika pia Ubelgiji, ilikuwa imeandika kwamba hakuna kosa kama mutu hakuwa na akili yake wakati alipofanya tendo. Ni neno zuri. Lakini lilimuacha mutu njiani: juji anasema hana kosa, kisha anaenda wapi? Mara nyingi alirudi kwenye chumba kingine cha giza, bila tarehe ya kutoka. Mufungwa wa kawaida anahesabu siku zake. Yeye hakuwa na cha kuhesabu.

Guislain alitumia jina lake na elimu yake ili Ubelgiji ipate sheria ya kulinda wale watu. Sheria ilitoka tarehe 18 Juni 1850. Tangu siku ile, haikuruhusiwa tena kufungia mutu ndani ya nyumba ya wagonjwa wa akili kwa neno tu la jamaa ao la mukubwa wa muji. Ilihitajika barua ya muganga. Nyumba yenyewe ilipaswa kuwa na ruhusa ya Leta. Na wakubwa wa Leta, pamoja na prokireri, walilazimishwa kupita mara kwa mara kuona waliomo ndani. Haya ndiyo yale macho tuliyosema hapo juu. Sheria haikutegemea wema wa muganga, hata wema wa Guislain mwenyewe. Ilitaka kila mulango unaofungwa uwe na mutu wa inje mwenye haki ya kuufungua na kuuliza.

Kitu chake cha mwisho kilikuwa nyumba mupya. Alichora mupango pamoja na Adolphe Pauli, mujenzi wa muji, na mwaka 1857 nyumba ikafunguliwa inje kidogo ya Gent, pahali pa hewa nzuri. Ilikuwa ya kwanza Ubelgiji kujengwa makusudi kwa ajili ya wagonjwa wa akili: viwanja, miti, mwangaza, pahali pa kutumika. Guislain aliiona kwa miaka mitatu tu. Alikufa tarehe 1 Aprili 1860, mwenye miaka sitini na tatu. Mwaka 1887 muji ulimusimamishia sanamu. Lopitali ile ingali inatumika hadi leo, na tangu 1986 kuko ndani yake muzeo inayoonyesha minyororo na mashine za zamani, ili watu wasisahau.

Wengine watatuuliza: ile Ubelgiji ya sheria ya 1850, si ndiyo iliyokuja kutufunga minyororo hapa na kutupiga chikote? Ndiyo, ndiyo ileile. Sheria iliyolinda mugonjwa wa Gent haikulinda babu zetu. Inatufundisha kwamba haki haisafiri peke yake ndani ya meli. Watu wa pahali wanapaswa kuidai. Ndugu wa Mapendo wao walifika, na kazi yao imebaki: lopitali ya Guislain kule Lubumbashi, Sosame kule Bukavu, na hapa Goma Tulizo Letu. Leo wanaotumika humo ni watoto wa inchi, na wanapokea watu wetu kila siku.

Lakini kati ya mulango wa Tulizo Letu na mulango wa buloko, kijana mwenye ulemavu wa akili anafika kwanza buloko. Katika kazi yetu ya sendika tumeona namna inavyokuwa. Kwenye mashimo ya kolta ao ya kasiteriti, kijana wa namna ile anapendwa kwa kubeba mizigo: ana nguvu, habishani bei. Siku moja wajanja wanamubebesha mufuko wa wizi. Kelele ikipigwa, wenye akili wanakimbia. Yeye anabaki amesimama, mufuko kwenye bega, akingoja aambiwe aupeleke wapi. Akipona mikono ya watu wenye mawe na tairi, anapelekwa polisi. Anaulizwa: uliiba? Anasema ndiyo. Ulikuwa na nani? Anasema ndiyo. Amezoea tangu utoto kwamba ndiyo inapunguza makofi. Wanamwekea kidole kwenye karatasi asiyoweza kusoma, na ile karatasi inatembea mbele yake hadi parke.

Kisha ndani. Watu wa Goma wanajua Munzenze, jela iliyojengwa kwa watu mamia machache na ikajaa maelfu. Mule wanamunyanganya chakula na nguo. Anaacha kula, halali, anajigonga kichwa kwenye ukuta, ao ananyamaza kabisa. Walinzi wanafikiri anajifanya. Kumbe sasa ulemavu umeongezewa ugonjwa. Aliingia akiwa mutu wa akili kidogo, anatoka akiwa mutu aliyevunjika.

Tunasikia wengine: kwa hiyo munataka mwizi aachiliwe? Hapana. Sisi pia tunaibiwa, na tunajua uchungu wa jasho la wiki nzima kupotea usiku mumoja. Kama kijana amefanya baya, aliyeibiwa ana haki yake, na kuko njia ya kurudisha na ya kupatana. Tunachokataa ni mutu kuadhibiwa kwa jambo asiloelewa, huku waliomutuma wanakunywa bia ya ule mufuko.

Na sheria ya inchi yetu iko upande wetu, kama tunaijua. Katiba, artikulo 18, inasema mutu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, katika luga anayoelewa. Aruhusiwe mara moja kuongea na jamaa ao na avoka wake. Na polisi wasimushike kupita saa 48 bila kumuachilia ao kumupeleka mbele ya wenye sheria. Kwa mutu mwenye ulemavu wa akili, luga anayoelewa si Kiswahili tu. Ni maneno mafupi, polepole, mbele ya mutu anayemwamini. Artikulo 19 inatoa haki ya avoka hata wakati wa kuulizwa na polisi. Artikulo 49 inasema mutu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Na tangu tarehe 3 Mei 2022 kuko sheria nzima, nambari 22/003, ya kulinda haki za watu wenye ulemavu.

Basi tufanye nini, mutoto akikamatwa?

Kwanza, tukimbie pale mbele ya saa 48 kuisha, baba ao mama pamoja na mutu wa sendika ao wa avenue. Tusiende na kelele. Tuseme kwa upole: afande, huyu mutoto ana ulemavu wa akili, tunaomba asiulizwe peke yake.

Pili, tubebe kila karatasi: ya muganga, ya kituo cha afya, ya masomo inayoonyesha alirudia darasa la kwanza mara ngapi. Kama hakuna karatasi, mwalimu wake wa zamani ao nyumbakumi aje kueleza. Wazazi, msingojee siku mbaya. Mupelekeni mutoto kwa muganga leo, mupate ile barua, muiweke pamoja na kadi ya chanjo.

Tatu, tuombe avoka aandike kwa parke ao kwa juji kwamba mutoto apimwe na muganga wa akili mbele ya kuhukumiwa. Neno la muganga likiingia ndani ya dosye, juji hawezi tena kujifanya hakuona. Ndiyo kazi ya Guislain ileile.

Ine, tumutembelee. Tumupeleke chakula, tumwangalie analala namna gani, anaongea namna gani. Tukiona amebadilika, tuombe apelekwe kwa waganga upesi, tusingojee hukumu.

Tano, akitoka, tusimufiche. Kumufungia kwenye chumba cha nyuma, ao kumuacha amefungwa kamba kwenye chumba cha maombi, ni kumurudisha ndani ya ngome ya Gerardi Shetani. Maombi ni mema, lakini kamba haiombi. Apelekwe kwa waganga, arudi nyumbani, apewe kazi inayolingana naye na malipo ya haki kama wengine.

Na wakubwa wa mashimo nao tunawaambia: ukimutumia mutu wa namna ile kubeba mizigo yako, siku ya shida usiseme humujui. Sendika ina kazi ya kuandika majina yao sawa majina yetu wote, ili mumoja akikamatwa kuwe mutu wa kumusemea. Tumeanza kazi hiyo na wenzetu wa Keshero. Kwenye mashimo yenu pia muianze, juu hakuna shimo lisilo na kijana wa namna ile.